Leo Fender, Fundi wa Redio Aliyetupa Gitaa la Besi

Wengi wetu tulilijua neno Fender kabla ya kujua kwamba ni jina la mtu. Tumeliona limeandikwa kichwani mwa magitaa ya kwaya na ya bendi, hapa Kamembe na ng'ambo ya mto Rusizi kule Bukavu, tukadhani ni jina la chombo tu. Lakini Fender alikuwa mtu aliyezaliwa, akasoma, akakosa kazi, akaugua, akafa. Nimeona vema kueleza maisha yake katika kurasa hizi za Kiswahili kwa sababu mwaka huu shule yetu inakusanya fedha ili kununua gitaa la besi na amplifaya yake, na maneno yamekuwa mengi kati yetu. Naamini kwamba maisha ya bwana huyu yaweza kutuonyesha njia.

Clarence Leonidas Fender, ambaye watu wote walimwita Leo, alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 katika jimbo la California, nchini Marekani, karibu na miji ya Anaheim na Fullerton. Wazazi wake walikuwa wakulima wa machungwa. Alipokuwa na umri wa miaka minane alipatwa na uvimbe katika jicho la kushoto, na jicho hilo likaondolewa. Tangu hapo akaishi na jicho la kioo. Yasemekana alijifunza kinanda kidogo, kisha saksafoni, lakini gitaa hakujua kulipiga hata siku ya kufa kwake. Jambo hili tulikumbuke, maana ndilo la ajabu kuliko yote.

Akiwa bado kijana mdogo, alikwenda kumzuru jamaa yake mmoja aliyekuwa na karakana ya umeme wa magari. Huko akaona redio ambayo jamaa yule aliiunda kwa mikono yake mwenyewe, nayo ilitoa sauti kubwa ajabu. Kijana akashikwa moyo. Aliporudi nyumbani akaanza kuunda na kutengeneza redio, na alipokuwa bado katika shule ya sekondari ya Fullerton alikuwa akitengeneza redio za watu. Alimaliza shule mwaka 1928, akaingia chuo kujifunza uhasibu. Hakusomea ufundi wa umeme katika chuo chochote, bali alijifunza kwa kufungua na kufunga.

Basi akawa karani wa hesabu. Lakini miaka ile ya 1930 uchumi wa dunia ulianguka, watu wengi wakakosa kazi, naye akawa mmoja wao. Mwaka 1938 akakopa dola 600, akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton. Wapiga muziki wa mji wakaanza kumletea amplifaya zao zilizoharibika na magitaa yaliyokatika waya. Kila chombo kilichokufa kilimfundisha jambo. Aliona ni sehemu gani ivunjikayo kwanza, waya gani hulegea, na kwa nini. Wengine hujifunza kwa kutazama vyombo vizima, yeye alijifunza kwa kutazama vilivyoharibika.

Yafaa nieleze hapa, kwa ajili ya wadogo zetu wa vidato vya chini, jinsi gitaa la umeme lifanyavyo kazi. Chini ya nyuzi za chuma kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana hutokea katika waya ule. Umeme huo hupita katika kamba mpaka kwenye amplifaya, ambayo huukuza, kisha spika huugeuza tena kuwa sauti. Kwa hiyo sauti tunayoisikia haitoki katika ubao wa gitaa peke yake. Hutoka katika spika, na amplifaya ndiyo nusu ya pili ya chombo. Nitalirudia neno hili mbele.

Mwaka 1945 Leo aliungana na rafiki yake, Doc Kauffman, wakaanza kuuza magitaa ya kulaza mapajani pamoja na amplifaya ndogo. Mwenzake akaogopa hasara, wakaachana kwa amani, na mwaka 1946 Leo akaanzisha kampuni yenye jina lake. Mwaka 1950 akatoa gitaa la ubao mzima, lisilo na tumbo tupu, ambalo mwaka uliofuata likaitwa Telecaster. Shingo ya gitaa lile haikugundishwa kwa gundi kama desturi ya mafundi wa zamani, bali ilishikwa kwa skrubu nne. Wapo waliolicheka. Lakini shingo ikipinda, mwenye gitaa huchukua bisibisi, akafungua skrubu nne, akaweka shingo nyingine. Aliyekaa mezani miaka mingi akitengeneza vyombo vya watu alijua kwamba kila chombo kitaharibika siku moja, na akakiunda akiifikiria siku hiyo.

Sasa nafika kwenye besi. Zamani sauti nzito ya bendi ilitolewa na kontrabasi, lile fidla kubwa linalozidi kimo cha mtu. Bendi za rumba za Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, nazo zilikuwa nalo katika miaka ya 1950. Chombo hicho kina sauti tamu, lakini kina taabu tatu. Ni kikubwa, kukisafirisha ni kazi. Sauti yake humezwa na ngoma na magitaa ya umeme. Na shingo yake haina alama, hivyo kidole kikikosea kidogo tu, noti hutoka nje ya wimbo. Leo alizisikia taabu hizo kwa wapiga muziki wenyewe, na mwaka 1951 akatoa gitaa la besi aliloliita Precision. Lilikuwa na nyuzi nne zilizofungwa kwa noti zilezile za kontrabasi, na urefu wa nyuzi zake ulikuwa inchi 34, yaani sentimita 86 hivi. Shingoni alipigilia vijiti vyembamba vya chuma, ili noti itoke pale pale inapotakiwa, na jina lake lilitokana na usahihi huo. Mtu aliweza kulivaa begani kwa mkanda, akasimama, akacheza. Besi nyingi za leo bado hufuata kipimo hicho cha inchi 34.

Lakini hakuishia hapo. Noti nzito hudai nguvu nyingi kuliko noti nyembamba, nazo husukuma karatasi ya spika mbele na nyuma kwa mwendo mkubwa. Spika ndogo ya gitaa la kawaida ikibebeshwa besi hupasuka. Kwa hiyo mwaka 1952 Leo alitoa amplifaya ya besi, akaiita Bassman, yenye spika moja ya inchi 15. Baadaye aliigeuza, akaitia spika nne za inchi 10, na wapiga gitaa la kawaida nao wakaipenda mno. Mwaka 1962 huko London, Jim Marshall, mwenye duka la ngoma, pamoja na mafundi wake walipotaka kuunda amplifaya yao ya kwanza, walifuata mpango wa Bassman.

Mtu asiyejua kupiga gitaa aliwezaje kuunda magitaa yaliyopendwa hivyo? Jibu ni kwamba aliuliza na kusikiliza. Aliwapa wapiga muziki vyombo vya kujaribia, wakaenda navyo kwenye madansi, kisha wakarudi na malalamiko. Mmoja wao, Bill Carson, alilalamika kwamba kona za ubao zilimchoma mbavuni. Gitaa lililotoka mwaka 1954, Stratocaster, lilikuwa na ubao uliokatwa kwa mzingo ili uukae mwili wa mpigaji. Wahenga wetu walisema kuuliza si ujinga, na Leo alijipatia mali kwa mithali hiyo bila kuijua.

Habari za kugeuza sauti nazo zilimgusa. Mwaka 1955 kampuni yake ilitoa amplifaya iliyoweza kuitetemesha sauti, na mwaka 1961 ikatoa kisanduku chenye springi ndani, ambacho huipa sauti mwangwi kama wa kanisani. Pedali tunazoziona leo miguuni mwa wapiga gitaa ni ndugu wa visanduku hivyo. Moja huchafua sauti, nyingine huirudia, nyingine huibana isipande wala kushuka mno. Ni kama viungo vya chakula: vyafaa, lakini havishibishi.

Mwaka 1960 alitoa besi ya pili, Jazz Bass, yenye shingo iliyo nyembamba zaidi kuelekea kichwani. Lakini afya yake ilikuwa imedhoofika kwa ugonjwa wa miaka mingi, akadhani siku zake zimekwisha. Mwezi wa Januari 1965 aliiuza kampuni kwa shirika kubwa la CBS kwa dola milioni 13. Pamoja na kampuni akaliuza na jina lake mwenyewe. Miaka michache baadaye akapona! Alikuwa tajiri, angeweza kukaa barazani na kupunga upepo. Yeye akarudi kwenye meza ya kazi. Katika kampuni ya Music Man akatoa mwaka 1976 besi iitwayo StingRay, yenye betri ndogo ya volti 9 ndani yake ya kuipa sauti nguvu. Kisha yeye na rafiki yake George Fullerton wakaanzisha kampuni nyingine, G&L. Kwa hiyo kwa miaka mingi palikuwa na magitaa mapya yenye jina la Fender ambayo Fender hakuyagusa, na magitaa ya Fender mwenyewe yenye jina jingine kichwani.

Hapa ndipo nataka kusema neno juu ya shauri letu. Shuleni tumegawanyika pande mbili. Upande mmoja wataka tununue besi mpya yenye jina kubwa, hata kama fedha zitakwisha hapo, na amplifaya isubiri mwaka ujao. Upande wa pili, ambao mimi ni mmoja wao, wataka besi ya kadiri na amplifaya nzuri ya besi, na akiba ya nyuzi, kamba na fyuzi. Naona Leo Fender alikwisha kutuamulia. Alipotoa besi hakukaa mwaka mmoja na zaidi pasipo kuitafutia amplifaya, maana alijua kwamba besi isiyo na amplifaya yake ni nusu ya chombo. Tena maisha yake yatuonyesha kwamba jina la kichwani laweza kuuzwa likaenda zake. Tusome jina, lakini tutazame na shingo kama imenyooka, tuguse kila noti, tugeuze kila kitufe tusikie kama kinakwaruza.

Msiba uliotupata juzijuzi hatujausahau. Amplifaya yetu ya zamani ilikuwa imetengenezwa na fundi mmoja, nisiyemtaja, ambaye aliondoa fyuzi iliyoungua akafunga waya mtupu mahali pake. Siku ya sikukuu umeme ulikatika, kisha ukarudi kwa kishindo, kama tunavyouzoea wakati wa mvua. Fyuzi ingalikufa peke yake. Waya ule haukufa, ukaiachia transfoma iungue yote, na kwaya ikaimba bila besi mpaka mwisho wa muhula.

Nanyi kaka zetu mliomaliza, mliotuma mchango na mliosema mtatuletea vyombo kutoka ugenini, tunawashukuru sana. Lakini mkumbuke kwamba umeme wa Marekani ni wa volti 120, na wetu ni wa volti 230 hivi. Amplifaya ya huko ikichomekwa hapa bila transfoma ya kuteremshia umeme huungua mara moja. Besi yenye betri nayo ni nzuri, ila kamba yake ichomolewe kila baada ya kupiga, kwa kuwa nyingi hula betri maadamu kamba imo. Mkiwa na shaka, tuletee ile inayoweza kufunguliwa kwa bisibisi. Pedali tutazitafuta baadaye, Mungu akipenda.

Leo Fender alifariki tarehe 21 Machi 1991, akiwa na umri wa miaka 81. Ugonjwa wa kutetemeka, uitwao Parkinson, ulikuwa umemshika, lakini siku moja kabla ya kufa kwake alikuwa kazini. Wenzake wakakiacha chumba chake cha kazi kama alivyokiacha, na vyombo vyake juu ya meza. Hakuimba, hakupiga gitaa, wala hakusimama jukwaani kupigiwa makofi. Hata hivyo, mahali pengi duniani bendi ikianza kupiga, kazi ya mikono yake husikika kwa chini, ikibeba sauti za wengine wote. Nasi tujaliwe kununua kwa akili, ili nasi tuwe na besi itakayobeba sauti zetu miaka mingi.