Lucie McMillan: Mama wa ranchi ya Juja aliyemjengea mzee wake maktaba

Kama umewahi kupanda mat ya Gatuanyaga kutoka Thika, unaujua ule mlima unaokukodolea macho njia nzima. Kilimambogo. Kwa ramani ni Ol Donyo Sabuk, mita 2,145. Wasee huenda pale wikendi, wanapanda, wanapiga picha, halafu wanashukia Fourteen Falls. Njiani wanapita makaburi fulani, wanaona jina McMillan, na lazima mmoja aulize kama ni yule wa maktaba ya tao.

Eeh, ni huyo. Lakini maktaba hakujenga yeye. Aliyejenga ni bibi yake, na mara nyingi hata jina la huyo mama watu hawalijui.

Alizaliwa Marekani akiitwa Lucie Fairbanks Webber. 1894 akaolewa na William Northrup McMillan wa St. Louis, Missouri, mtoto wa sonko haswa. Babake alikuwa ameomoka na biashara ya mabehewa ya treni, kwa hivyo Northrup hakuwahi kujua kuhustle ni nini. Alikuwa pia mtu mkubwa, na sisemi hivyo kwa heshima: mrefu, mnene, picha zake za zamani unaonea kiti huruma. Msee wa safari. 1903 alijaribu kuteremka Blue Nile na boti huko Ethiopia, boti zikazama, mambo ikaishia hapo. Baada ya hiyo ngori akageukia Kenya.

Huku wakachukua shamba la Juja, karibu ekari 20,000. Fikiria kila ploti unayoona ikiuzwa kwa posta za barabarani huko Juja leo, halafu uambie akili yako hiyo yote ilikuwa ya familia moja. Na haikuwa ardhi tupu. Wamaasai walikuwa wamelisha ng'ombe kwenye hizo nyika kitambo sana, Wakamba na Wakikuyu wako hapo kando, kabla ya mtu yeyote wa Missouri kusikia kuna mto unaitwa Athi. Hii tusiiruke, juu ndiyo inaeleza mambo ya mbele.

Maisha ya ranchi yalikuwa ya kifalme. 1909 Theodore Roosevelt alikuwa ametoka tu kwa kiti ya urais wa Marekani, akaja Kenya kuwinda, na Juja ikawa moja ya nyumba zilizompokea. Stori zilizobaki za hiyo ziara ni za bunduki, kiboko na kifaru. Nani alikuwa anahakikisha nyumba iko sawa, wageni wamedishi, wafanyakazi wanajua cha kufanya? Hizo huwa haziandikwi. Ukitafuta Lucie kwenye hadithi za wawindaji utamkuta pembeni tu, kama mke wa fulani.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo ilimtoa kwa kivuli. Mzee akaenda jeshi. Wao walikuwa na nyumba nyingine Nairobi, Chiromo, pale ambapo leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Lucie akaigeuza mahali pa maafisa waliojeruhiwa kupata nafuu. Baadaye Northrup akaitwa Sir, na yeye akawa Lady McMillan.

Machi 1925 Northrup akafariki akiwa Ufaransa. Alikuwa ametaka kuzikwa Kilimambogo, na mwili ukarudishwa hadi huku. Ukipanda leo guide atakupigia hii stori: walitaka kumfikisha kileleni kabisa, wakamvuta na trekta, clutch ikaungua katikati ya mlima, wakaamua basi ni hapo. Mahali penyewe ni kama kilomita saba kutoka geti. Utaonyeshwa pia kaburi la Louise Decker, mfanyakazi wao wa nyumbani. Househelp kuzikwa na waajiri wake kwa mlima mmoja si kitu unasikia kila siku, hata sasa.

Mjane mwenye pesa wa enzi hiyo angeweza kuuza kila kitu arudi kwao. Lucie alibaki. Akaamua jina la mzee litakaa tao, si mlimani peke yake, na akaweka pesa. Carnegie Corporation ya Marekani ikachangia. 1931 McMillan Memorial Library ikafunguliwa, Banda Street, jirani ya Jamia Mosque: nguzo kubwa mbele, ngazi, na wale simba wawili wa mawe ambao kila mtu ana picha nao. Mwaka huo huo Karen Blixen alikuwa anafunga virago kurudi Denmark baada ya shamba lake la kahawa kuanguka. Lucie akanunua sehemu ya fanicha yake, na vitu vyenyewe vikaishia ndani ya maktaba. 1938 jengo likapata sheria yake lenyewe.

Sasa noma iko hapa. Hiyo maktaba ilikuwa ya wazungu. Mwafrika angeweza kufagia sakafu, kupanguza vitabu, kufungua mlango asubuhi na kuufunga jioni. Kuketi asome, hapana. Mhindi pia hapana, na alikuwa anapita hapo kila siku akienda dukani kwake. Tunaweza kusema ni mambo ya enzi hiyo, na ni kweli. Lakini mama aliyekaa nchi hii zaidi ya miaka 50, akala kutoka kwa ardhi yake, aliacha zawadi ya jiji ambayo wengi wa jiji hawakuruhusiwa kugusa. Mimi siwezi kumsifu nikaruka hapo.

Lucie alifariki 1957. Angalia huo mwaka. Februari, Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti, si mbali na Ruiru. Machi, Waafrika wakapiga kura ya LegCo kwa mara ya kwanza na Tom Mboya akachukua Nairobi. Yaani ungeweza kumchagua Mwafrika aende kutunga sheria, lakini kusoma gazeti McMillan bado.

1958 mlango ukafunguliwa kwa watu wote. Alikosa kuona kwa mwaka mmoja.

1962 kaunsili ya jiji ikachukua usimamizi, na baadaye Kaloleni na Makadara zikapata matawi yake. Siku hizi ukiingia ile ya tao asubuhi utakuta watu wa CPA wamejipanga na calculator, msee wa campo amelalia notes, na mzae mmoja anasoma gazeti la jana polepole, ukurasa baada ya ukurasa.