Kantorovich: Mwanahisabati aliyefundisha viwanda kugawa kazi

Mwaka 1938 shirika la viwanda vya plaiwudi la Leningrad, katika iliyokuwa Urusi ya Kisovieti, lilipeleka tatizo lake chuo kikuu. Lilikuwa na mashine 8 za kumenya magogo na aina 5 za miti, na kila mashine ilikuwa na kasi tofauti kwa kila aina. Je, mashine ipi ipewe mti upi ili mali ipatikane nyingi, bila kuvuruga uwiano unaotakiwa?

Swali hilo lilimfikia Leonid Kantorovich, aliyezaliwa katika jiji hilohilo Januari 1912, akaingia chuo kikuu akiwa na miaka 14 na kuwa profesa akiwa na miaka 22.

Ugumu wake unaonekana kwa mfano mdogo. Mashine ya kwanza humenya kwa saa magogo 8 ya mti laini au 8 ya mti mgumu. Ya pili humenya 6 laini au 2 magumu. Zinatakiwa idadi sawa za aina zote mbili. Kila mashine ikijitegemea, jumla ni magogo 5.5 ya kila aina. Lakini ya pili ikipewa miti laini tu, na ya kwanza ikamenya magumu 7 na laini 1, zinapatikana 7 za kila aina. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa.

Mashine 8 na miti 5 haviwezi kupangwa kwa kukisia. Kantorovich alibuni njia ya kukokotoa na kuitoa katika kijitabu mwaka 1939. Leo wanauchumi huiita programu ya mstari. Nchini Marekani, George Dantzig aliigundua njia yake mwaka 1947 bila kuijua kazi hiyo.

Hesabu ya Kantorovich ilionyesha pia kila rasilimali adimu ina thamani gani, yaani saa moja zaidi ya mashine ingeongeza pato kiasi gani. Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Wanauchumi wa serikali waliona thamani hizo zinapingana na fundisho la Karl Marx kwamba thamani hutokana na kazi. Kitabu alichokiandika mwaka 1942 kilikaa hadi mwaka 1959 ndipo kikachapishwa.

Hata viwandani mambo hayakuwa rahisi. Kiwanda cha mabehewa cha Leningrad kilipotumia hesabu zake kukata chuma, mabaki yalipungua, kikashindwa kutimiza kiasi cha chuma chakavu kilichoagizwa kukipeleka. Ubanaji matumizi ukageuka kosa.

Hata hivyo, hakukata tamaa. Mwaka 1965 alipata Tuzo ya Lenin, na mwaka 1975 Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans. Alifariki dunia Aprili 1986.

Leo viwanda vya chakula cha mifugo huitumia hesabu hiyo kuamua mahindi, pumba, mashudu na dagaa vichanganywe kwa kiasi gani ili protini na nishati vitimie kwa gharama ndogo. Bei ya mashudu ikipanda, mchanganyiko hukokotolewa upya. Mchanganyaji mdogo naye, kabla ya kukopa ili anunue mashine ya pili, aulize kwanza kama ile aliyonayo inafanya kazi inayoifaa.