Kapiteni Joubert na watu wa Mrumbi



Kule Moba jina la Kapiteni Joubert halijasahaulika. Léopold Joubert alizaliwa Ufaransa mwaka 1842, akawa askari wa Papa kule Roma. Mwaka 1880 alikuja Tanganyika kulinda misioni za Mapadri Weupe. Mwaka 1887 alitoka Karema, ng'ambo ya ziwa, akaja kukaa Mpala, upande wetu.

Siku zile watu wa Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, walikuwa wanachoma vijiji na kubeba watu utumwani. Waliopona walikimbilia kwa Joubert. Yeye alifundisha vijana wa hapa kushika bunduki. Mwaka 1888 alimuoa Agnes Atakaye, binti wa hapa hapa. Kisha akajenga boma Saint-Louis ya Mrumbi.

Adui walikuwa wengi. Ndipo chama cha Ubelgiji cha kupinga utumwa kilituma msafara wa Kapiteni Jacques kumsaidia. Ulifika mwisho wa 1891. Jacques akajenga kituo cha Albertville, karibu na Kalemie ya leo. Lakini mwaka 1892 waliokuja kuokoa walizingirwa wao wenyewe! Mwezi wa nane Joubert alikwenda kuwasaidia, pamoja na msafara wa Delcommune uliotoka Katanga. Walishambulia boma la adui, wakashindwa juu ya kukosa mizinga. Msafara mwingine, wa Descamps, ulikuja na mizinga mwaka 1893, na mwaka 1894 nguvu za Rumaliza zilivunjika.

Utumwa ule uliisha, lakini Bula Matari naye alikuja na kodi na kazi za nguvu. Hatufichi hilo. Joubert alibaki na watu wake mpaka kufa kwake mwaka 1927.

Tunamsimulia juu ya jambo moja. Kabla msafara wowote haujafika, wakimbizi wa Mpala na Mrumbi walikuwa wamekwisha kujenga, kulima na kulinda usiku. Msaada uliwakuta wamesimama. Leo pia, ndugu wanaporudi kutoka Tanzania na Zambia, wengi wanaanza na jembe moja la kuazima kwa jirani. Kwa hiyo wafadhili, mkifika kijijini, ulizeni kwanza watu wamekwisha kuanza nini, halafu tuongeze hapo. Na sisi wanachama, mchango wa kila mwezi tusiuache tukingojea msafara.