Wilhelm Röntgen, aliyefungua njia ya kuona ndani ya mwili bila kisu

Wazazi wengi wa Masisi na Walikale, jimboni Kivu Kaskazini, wamezika mtoto mchanga bila kujua kilichomuua. Kupasua maiti ya mtoto ili kutafuta sababu ni jambo ambalo familia nyingi hazikubali. Lakini njia ya kutazama ndani bila kisu ilifunguliwa mwaka 1895 na Mjerumani Wilhelm Conrad Röntgen.

Röntgen alizaliwa Machi 27, 1845 mjini Lennep, akakulia Uholanzi. Huko Utrecht alifukuzwa shule kwa kukataa kumtaja mwenzake aliyemchora mwalimu kwa dhihaka. Hata bila cheti cha shule, alipokelewa Zurich, Uswisi, na kupata udaktari mwaka 1869.

Novemba 8, 1895, akiwa profesa Würzburg, aligundua miale isiyoonekana inayopenya nyama lakini inazuiliwa na mifupa. Desemba 22 alipiga picha ya mkono wa mke wake, Anna Bertha. Mifupa na pete vilionekana wazi.

Mwaka 1901 alikuwa mtu wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya fizikia. Pesa za tuzo alizitoa kwa chuo kikuu chake, na alikataa kuufanya ugunduzi huo mali yake binafsi. Alifariki Munich Februari 10, 1923 kwa saratani ya utumbo.

Leo radiografi ya mtoto aliyefariki inaweza kuonyesha mfupa uliovunjika au kasoro ya kuzaliwa. Baadaye zilikuja skana, inayotumia miale hiyohiyo, na IRM, inayotumia sumaku. Mwaka 2013 watafiti wa London walitangaza kwamba IRM, pamoja na vipimo vidogo kama vya damu, ililingana na upasuaji wa maiti katika visa 357 kati ya 400 vya watoto na mimba.

Picha peke yake haitoshi, kwani haiwezi kutambua malaria. Ndiyo maana Kisumu na Siaya, nchini Kenya, wataalamu huchukua sampuli kwa sindano, wazazi wakikubali, bila kupasua mwili.

Röntgen aliwaachia watu wote ugunduzi wake. Hata hivyo, kwa mama wa kijijini Masisi au Walikale, IRM bado iko mbali, wakati jibu moja tu lingeweza kusaidia kumwokoa mtoto atakayefuata.