Joginder Singh: Fundi wa Kericho aliyeipa Lancer jina

Simama Gilgil kando ya barabara kuu ya Nairobi–Nakuru wikendi ya Safari Rally na utazisikia kabla ya kuziona. Subaru Impreza moja, nyuma yake Lancer Evolution, halafu Subaru nyingine tatu, zote mbio kuelekea Elmenteita na Soysambu. Ekzosi zinapasua masikio. Bendera imetokeza dirishani, na kuna msee amekaa nusu ndani, nusu nje, simu mkononi. Watoto wa mtaa wanazitaja gari hizo kwa modeli na mwaka, hata zikiwa bado mbali.

Sasa waulize hao hao Joginder Singh ni nani. Wengi watakuangalia tu.

Basi tuanzie kwake, maana jina la Lancer lilipata heshima duniani kupitia mikono yake, na lilipatia heshima hiyo hapa hapa kwetu.

Joginder alizaliwa Kericho mnamo Februari 9, 1932, katika familia ya Singasinga iliyokuwa na asili yake Punjab. Baba yake alikuwa na gereji, na huko ndiko kijana alikopatia elimu iliyomfaa maishani. Alikuwa spana boy kabla ya kuwa dereva. Alijifunza kulala chini ya gari, kufungua giaboksi, kusikiliza injini na kujua inaumwa wapi. Alipoanza kushindana alikuwa anaukaribia umri wa miaka 30, na wakati huo alikuwa ameshatengeneza magari mengi kuliko ambavyo wapinzani wake wengi wangewahi kuyafungua boneti.

Safari yenyewe ilikuwa imeanza 1953, wakati wa ukoloni, kama mashindano ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Usiifikirie kama ile unayoiona leo Naivasha, ambapo barabara inafungwa, gari linapita, kisha linarudi kwa mafundi. Safari ya zamani ilikuwa maelfu ya kilomita, usiku na mchana, wakati wa Pasaka ambapo mvua ya masika inamwagika. Barabara zilikuwa wazi kwa kila mtu. Ukikata kona unaweza kukutana na ng'ombe, lori, au mto uliofurika tangu jana. Kila kituo kilikuwa na muda wake na ukichelewa unaongezewa adhabu. Mwenye adhabu chache zaidi ndiye bingwa. Yaani hukuhitaji kuwa na kasi ya ajabu kwenye kipande kimoja. Ulihitaji gari ambalo bado linatembea siku ya mwisho.

Mwaka 1965, Kenya ikiwa haijatimiza hata miaka miwili tangu ipate uhuru, Joginder aliingia na Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika. Gari la mtumba, kwa lugha yetu. Kando yake alikaa mdogo wake, Jaswant. Walipewa namba 1, maana yake walitangulia kuondoka, na ndio waliokutana na kila shimo na kila mto kabla ya mtu mwingine. Wakashinda. Hakuna dereva Mkenya wa asili ya Kiasia aliyekuwa ameshinda Safari kabla yake. Kalasinga mwenye kilemba, fundi wa gereji, akawa jina la nyumbani kote Afrika Mashariki, na magazeti ya Kiingereza yakambatiza Flying Sikh, Singasinga anayepaa.

Miaka iliyofuata aliendesha magari mbalimbali, zikiwemo Datsun. Naipita haraka sehemu hiyo ili tufike 1974, maana hapo ndipo hadithi inakuwa tamu.

Mitsubishi walikuwa wameanza kuuza Lancer mwaka mmoja tu kabla, 1973. Ilikuwa gari dogo la familia. Hata ile iliyoitwa 1600 GSR, ambayo ndiyo iliyopewa Joginder na msoma ramani wake David Doig, ukiiona imeegeshwa nje ya benki ungedhani ni ya mwalimu mkuu. Hakuna spoila la kutisha, hakuna turbo. Injini ya lita 1.6, kabureta mbili, nguvu zinapelekwa kwenye magurudumu ya nyuma tu. Upande wa pili kulikuwa na Björn Waldegård wa Sweden ndani ya Porsche 911 Carrera yenye injini ya lita 2.7. Kwenye karatasi, hiyo si mechi.

Lakini angalia mambo ambayo hakuna aliyeyapigia kelele. Kwanza, uzito: gari lile kama lilivyotoka dukani lilikuwa chini ya tani moja, na gari jepesi likikwama kwenye matope, watu wawili wanaweza kulisukuma. Mwaka huo matope yalikuwa ya kutosha. Pili, ekseli ya nyuma ilikaa juu ya springi za mabamba, zile zile unazoziona chini ya pikapu ya kubebea viazi. Teknolojia ya zamani, wengine wangeicheka. Ila bamba likikatika porini, fundi yeyote anajua la kufanya. Tatu, kila kitu chini ya boneti kilifikika kwa mkono. Na mwenye mkono huo alikuwa Joginder, ambaye hakuhitaji kungoja mtu amwambie kelele fulani inatoka wapi. Alikuwa anajua lini akanyage na lini aliachie gari lipumue.

Porsche ilimaliza ya pili. Lancer ya kwanza. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika ubingwa wa dunia wa rally, na uliandikwa kwenye udongo wa Kenya na mtoto wa Kericho mwenye umri wa miaka 42. Porsche, kwa taarifa yako, hawakuwahi kushinda Safari ya ubingwa wa dunia, pamoja na pesa yote waliyomwaga.

Mwaka 1976 Joginder akarudia, tena na Doig, tena na Lancer. Safari hii zilifuatana tatu: Joginder wa kwanza, Robin Ulyate wa pili, Andrew Cowan wa tatu, wote kwenye Lancer. Hapo akawa mtu wa kwanza kuishinda Safari mara tatu. Shekhar Mehta alikuja kumpita baadaye kwa ushindi wake wa mara tano, lakini huyo anastahili makala yake.

Takwimu ya Joginder inayonifurahisha mimi si hizo tatu. Ni hii: alianza Safari mara 22, akamaliza mara 19. Mashindano hayo yalikuwa na miaka ambapo magari saba tu yalifika mwisho kati ya yote yaliyoanza, ikiwemo 1963 na 1968. Madereva wakubwa kutoka Ulaya walikuja na timu nzima za mafundi, wakaenda kwa kasi kweli kweli, kisha wakarudi nyumbani kwa ndege, gari likibaki mahali fulani porini na tairi limetazama juu. Huyu mzee alifika. Akishinda, akishindwa, alifika.

Sasa turudi kwa hizo ndai za Gilgil.

Evo ya kwanza ilitoka 1992, mwaka ule ule ambao Impreza WRX ilizaliwa. Zilikuwepo barabarani kwa sababu kanuni za rally wakati huo zilitaka gari la mashindano litokane na gari linalouzwa kwa watu wa kawaida. Kwa hiyo kiwanda kilificha vitu vya rally ndani ya gari la milango minne lenye nafasi ya mtoto na mkoba wa shule. Na vitu hivyo, hadi leo, wenye gari wengi hawavijui. Bodi ya Evo ina vidoti vya kuchomelea vya ziada kuliko Lancer ya kawaida, ili isijikunje gari linapotua baada ya kuruka. Hutaviona, viko chini ya rangi na mazulia. Kuna modeli iliyoitwa RS ambayo ilikuja bila starehe, nyingine hata na madirisha ya kuzungusha kwa mkono, kwa kuwa kila kilo ilihesabiwa. Watu wakiiona wanadhani ni ya mtu aliyeishiwa pesa. Kuna pia kitufe kinachorusha maji mbele, kwenye kifaa cha kupoza hewa ya turbo, ili hewa inayoingia kwenye injini ipoe zaidi. Nimekutana na wenye Evo wanaodhani tangi la maji hayo ni la waipa la pili.

Tunachofanya sisi na gari kama hilo mara nyingi ni kuliteremsha hadi linagusa matuta, kulifunga rimu kubwa zenye tairi jembamba kama kanda, na kuondoa ekzosi. Tunatoa kile kilicholifanya lishinde, tunaweka kile kinachosikika. Tommi Mäkinen alishinda Safari ya 1996 na Evo, akashinda tena 2001, na gari lake lilikuwa limeinuliwa juu, lina bomba la kuvuta hewa lililopanda hadi paani, na chuma cha kukinga tumbo. Lilionekana kama gari la kwenda shambani. Colin McRae naye alishinda 1997 na Impreza iliyovaa hivyo hivyo.

Joginder hakubaki kuyaona hayo akiwa Nairobi. Aliacha mashindano, akahamia Uingereza, na miaka yake ya mwisho aliishi huko. Alifariki London Oktoba 20, 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Wakati huo Safari ilikuwa imeondolewa kwenye ubingwa wa dunia kwa zaidi ya miaka kumi, tangu 2002, na vijana wengi wa leo walimjua mshindi wa rally kupitia michezo ya video kabla ya kumjua wa kwao.

Ubingwa wa dunia ulirudi 2021, kituo chake kikiwa Naivasha, na magari yakapelekwa Soysambu na Elmenteita, kwenye ule udongo laini kama unga unaomeza magurudumu. Ni bonde lile lile, nusu ya njia kutoka Kericho hadi Nairobi. Gari likikwama humo katikati ya mbio, kanuni za leo haziruhusu fundi wa timu kulisogelea. Dereva na msoma ramani wanashuka wenyewe, wanafungua boneti, wanatoa spana.