Docteur Nico: mwanafunzi wa miaka 14 katika African Jazz

Ku Bunia hapa, mzazi akiona mtoto wa miaka 14 anashika gitare kila jioni, roho yake haitulii. Anajiuliza kama masomo yatakufa, kama pesa ya minerval imepotea bure. Swali hilo si la leo. Basi wandugu wasikilizaji, tuwaletee maisha ya mtu mmoja ambaye gitare yake mnaijua hata kama jina lake mmelisahau: Nicolas Kasanda wa Mikalayi, yule Kongo mzima ilimuita Docteur Nico.

Alizaliwa tarehe 7 Julai 1939 kule Mikalayi, misheni ya wapadri Wakatoliki katika Kasai, karibu na mji wa Luluabourg ambao leo tunauita Kananga. Jamaa yake ilikuwa ya watu wa muziki. Mkubwa wake, Charles Mwamba, aliyejulikana kama Déchaud, alikuwa anapiga gitare, na mdogo alifuata vidole vya mkubwa. Ndivyo wengi wa wakati ule walivyojifunza. Mtu anakaa pembeni, anatazama mkono wa mwenzake, kisha anaomba gitare kidogo.

Wakati ule Léopoldville, Kinshasa ya leo, ilikuwa inajaa vijana na baa za kucheza dansi. Studio za wafanyabiashara Wagiriki, kama Opika, zilikuwa zinarekodi nyimbo za Lingala na kuziuza kwa sahani. Mwaka wa 1953 Joseph Kabasele, kijana wa miaka 22 mwenye sauti laini, akaunda orkesta yake, African Jazz. Neno hilo la jazz lisitupoteze. Hawakupiga jazz ya Wamarekani weusi wa New Orleans. Walipiga rumba, iliyorudi kwetu kutoka Cuba kwa njia ya sahani. Jazz ilikuwa na maana ya muziki wa kisasa, wa watu wa mjini. Miaka mitatu nyuma yake ikaja OK Jazz, na upande wa Tanzania jina likaenea vilevile: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz.

Kabasele alimkubali Nico katika African Jazz alipokuwa na miaka 14 tu. Alikuwa angali mwanafunzi. Mtoto yule alikaa katikati ya watu wazima waliokwisha kupata jina, na mkubwa wake Déchaud akiwa kando yake.

Lakini angalieni jambo hili: hakuacha masomo. Alisoma shule ya ufundi pale Léopoldville na mwaka wa 1957 akamaliza, akapata diploma ya mwalimu wa ufundi. Alikuwa na miaka 18, mkono mmoja una diploma, mkono mwingine una gitare. Alichagua gitare, lakini alichagua akiwa na kitu cha kuchagua. Wazazi na watoto wote wawili wanaweza kulishika neno hilo.

Tueleze kidogo kazi yake. Katika rumba ya Kongo gitare hazigongani, zinagawana kazi. Ya kwanza inashika mwendo bila kuyumba, hiyo ilikuwa ya Déchaud. Ya solo inatembea juu yake, inajibu mwimbaji, na wakati wa sebene, waimbaji wanaponyamaza na watu wanacheza kwa nguvu, inaongoza yenyewe. Hapo ndipo Nico alikuwa bwana. Sauti zake zilitoka moja moja, safi, kama matone ya maji juu ya bati. Alipiga pia gitare kwa namna ya Hawaii, kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi mpaka gitare inalia kama mtu. Juu ya ufundi huo watu wakamuita Docteur.

Mwezi wa Januari 1960 wanasiasa wa Kongo walikwenda Brussels kukaa na serikali ya Ubelgiji katika mkutano wa Table Ronde. Kabasele alikwenda naye Nico, Déchaud na wengine, pamoja na wanamuziki wawili kutoka OK Jazz, Vicky Longomba na Brazzos. Tarehe 27 Januari wakubwa wakapatana kwamba uhuru utakuwa tarehe 30 Juni. Hapo ukatoka wimbo Indépendance Cha Cha, unaotaja vyama na majina ya waliokaa kwenye meza ile. Gitare inayoongoza wimbo ule ni ya Nico. Alikuwa na miaka 20. Wimbo ukavuka mipaka, na nchi nyingine za Afrika zilizokuwa zinangoja uhuru wao zikaucheza kama wa kwao.

Furaha haikudumu. Mwaka wa 1963 wanamuziki wengi walimuacha Kabasele. Nico na Tabu Ley Rochereau wakaunda African Fiesta. Sauti ya Rochereau na gitare ya Nico zilikaa vizuri pamoja, lakini wakubwa wawili katika nyumba moja ni vigumu. Miaka miwili hivi ikapita, wakaachana. Nico akabaki na African Fiesta Sukisa, na kwa miaka kadhaa jina lake lilikuwa juu sana. Wapiga gitare wa Kenya, Uganda na Tanzania walijifunza kwa kumsikiliza.

Katikati ya miaka ya 1970 akanyamaza. Muziki ulikuwa umebadilika, vijana walitaka mwendo mwingine, na yeye akajiondoa jukwaani. Miaka ya 80 alirudi kidogo, akarekodi mara chache kule Togo. Tarehe 22 Septemba 1985 alikufa hospitalini Brussels, mji uleule ambamo miaka 25 mbele alipiga wimbo wa uhuru wetu. Alikuwa na miaka 46.

Leo majina ya wanasiasa wa Table Ronde yako kwenye barabara na shule. La mpiga gitare ni nadra kulikuta, na nyimbo zake vijana wengi wanazisikia bila kujua ni nani anayezipiga. Basi mzazi, kama kuna mtoto nyumbani anayeshika gitare, muulize daftari liko wapi, ndiyo. Lakini muulize pia amefika wapi na wimbo wake, halafu kaa kidogo umsikilize.