Sócrates: Daktari wa soka aliyedai kura kwa kila mtu

ALIPOJIUNGA na klabu ya Corinthians ya São Paulo mnamo 1978, kiungo Sócrates alikuwa na umri wa miaka 24. Huo ni umri ambao wanasoka wengi wa Brazil huwa wamekwisha kuzoea vishindo vya viwanja vikubwa.

Kilichomchelewesha si ukosefu wa kipaji wala jeraha. Alikuwa akisomea udaktari, na hakuwa radhi kuyakatiza masomo kwa sababu ya mpira.

Alizaliwa Februari 19, 1954 mjini Belém, kaskazini mwa Brazil, akiwa kifungua mimba wa Raimundo, mtu aliyekulia katika ufukara na kujielimisha mwenyewe kwa kusoma vitabu. Mzee huyo aliwahusudu mno Wagiriki wa kale hata wanawe watatu akawapa majina ya Sócrates, Sóstenes na Sófocles. Kitinda mimba wao, Raí, aliponea chupuchupu, naye ndiye aliyekuja kutwaa Kombe la Dunia mnamo 1994.

Jeshi lilipopindua serikali mwaka wa 1964, Sócrates alikuwa na miaka 10. Alimshuhudia baba yake akivichoma moto baadhi ya vitabu vyake, kwa hofu kwamba vingemtia mashakani kwa watawala wapya. Kwa mtoto aliyejua thamani ya vitabu hivyo katika nyumba yao, tukio hilo halikufutika kamwe moyoni.

Familia ilikuwa imehamia Ribeirão Preto, katika jimbo la São Paulo. Ni huko alikojiunga na kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha São Paulo, huku akiichezea Botafogo ya mji huo, ambayo haifai kuchanganywa na Botafogo mashuhuri ya Rio de Janeiro. Mara nyingi alikosa mazoezi kwa ajili ya masomo, lakini siku ya mechi alipangwa kikosini. Alihitimu mnamo 1977, na hapo ndipo alipokubali kuufanya mpira kazi ya kutwa.

Alikuwa mrefu kupita mita 1.90, mwembamba, mwenye nyayo ndogo zisizolingana na kimo chake. Hakuwa na kasi, na kugeuka kulimwia vigumu. Badala ya kugeuka, alitumia kisigino, akawa anawapa wenzake pasi za nyuma ambazo mabeki hawakuzitarajia. Alivuta sigara na kupenda pombe waziwazi, na makocha waliokerwa na tabia hiyo walinyamazishwa na mabao yake. Aliifungia Corinthians mabao 172 katika takriban mechi 300, idadi ambayo washambuliaji wengi wangeionea wivu, sembuse kiungo.

Hata hivyo, lililomtenga na nyota wengine halikuwa mabao. Katika klabu za Brazil za enzi hizo, mchezaji hakuwa na sauti. Alifungiwa kambini siku kadhaa kabla ya mechi, hata akiwa na mke na watoto, na mambo yote yaliamuliwa na wakubwa. Ulikuwa utawala wa kijeshi kwa kipimo kidogo.

Baada ya msimu mbovu wa 1981, klabu ilimteua Adilson Monteiro Alves, msomi wa elimu ya jamii, kusimamia masuala ya soka. Badala ya kutoa amri, aliwasikiliza wachezaji. Yeye pamoja na Sócrates, beki Wladimir na kijana Casagrande walianzisha utaratibu uliokuja kujulikana kama Demokrasia ya Corinthians.

Kila jambo lilipigiwa kura: saa za mazoezi, usajili wa wachezaji, hata kama basi lisimame njiani. Kura ya nahodha ilikuwa sawa na ya mtunza jezi. Desturi ya kuwafungia watu kambini ilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kutikiswa.

Wapo waliotabiri kwamba timu isiyo na kiboko ingesambaratika. Corinthians ilitwaa ubingwa wa jimbo la São Paulo mnamo 1982 na tena 1983.

Kabla ya uchaguzi wa Novemba 15, 1982, wachezaji waliingia uwanjani na jezi zenye maandishi ya kuwahimiza wananchi wakapige kura siku hiyo. Katika nchi iliyokuwa imetawaliwa na wanajeshi kwa miaka 18, hilo halikuwa jambo dogo.

Miezi michache kabla ya hapo, Sócrates alikuwa amewaongoza Wabrazil kwenye Kombe la Dunia nchini Uhispania. Kikosi hicho cha kocha Telê Santana, chenye Zico, Falcão, Cerezo na Éder, wapenzi wa kandanda wa rika langu hadi leo hawakitaji bila kushusha pumzi.

Julai 5, 1982, uwanjani Sarrià mjini Barcelona, sare pekee ingeivusha Brazil hadi nusu fainali. Paolo Rossi wa Italia alifunga, Sócrates akasawazisha kwa kupenyeza mpira kati ya kipa Dino Zoff na mlingoti. Rossi alifunga tena, Falcão akasawazisha. Rossi akafunga la tatu, na Brazil ikafungasha virago kwa kichapo cha 3-2.

Lakini kwa maoni yangu, pigo kubwa zaidi maishani mwake halikutokea uwanjani.

Aprili 16, 1984, umati uliokadiriwa kupita watu milioni moja ulifurika katika bonde la Anhangabaú, jijini São Paulo, kudai haki ya kumchagua rais moja kwa moja. Sócrates, aliyekuwa akiandamwa na klabu za Italia, alipanda jukwaani na kutoa ahadi: iwapo bunge lingepitisha marekebisho ya katiba ya kuruhusu uchaguzi huo, angebaki nyumbani. Umati ulilipuka kwa shangwe.

Siku tisa baadaye bunge lilipiga kura. Marekebisho yalihitaji kura 320, yakapata 298. Zaidi ya wabunge 100 hawakufika. Kura 22 zilikosekana, na Sócrates akaenda Italia kuichezea Fiorentina.

Huko alikaa msimu mmoja tu, usio na furaha, kisha akarudi Brazil na kujiunga na Flamengo. Mnamo 1986 alicheza Kombe la Dunia nchini Mexico akiwa amejifunga kitambaa kichwani chenye ujumbe, ukiwemo wa kuwafariji Wamexico kufuatia tetemeko la ardhi la 1985. Katika robo fainali dhidi ya Ufaransa, alipiga mkwaju wa kwanza wa penalti bila kukimbilia mpira, kipa Joël Bats akaupangua. Mtindo huo ulikuwa umefaulu dhidi ya Poland, lakini siku hiyo Brazil ilitolewa.

Wabrazil walimchagua rais wao moja kwa moja mnamo 1989, mwaka ambao Sócrates alikuwa akiufunga ukurasa wake wa uchezaji. Alirudi kwenye udaktari huko Ribeirão Preto, akaandika makala magazetini, na mnamo 2004, akiwa na miaka 50, akacheza dakika chache katika klabu ndogo ya Garforth Town nchini Uingereza.

Kinaya ni kwamba daktari huyu hakujitibu. Pombe iliharibu ini lake, na mwaka wa 2011 alilazwa hospitalini mara kwa mara. Alifariki alfajiri ya Jumapili, Desemba 4, 2011, akiwa na umri wa miaka 57, akazikwa Ribeirão Preto siku hiyo hiyo.

Jioni hiyo Corinthians ilikuwa na mechi dhidi ya Palmeiras, ambayo sare ya bila kwa bila iliipa ubingwa wa Brazil. Kabla ya kipenga, wachezaji walikusanyika kuzunguka duara la kati na kuinua ngumi ya kulia juu, jinsi marehemu alivyozoea kushangilia mabao yake.